Pakiti ya kushonea kilti nyumbani: kitambaa safi, kijitabu hovyo

Nimeolewa na Mskoti, tunaishi Glasgow, na ushonaji nilijifunzia Morogoro kabla sijajua kwamba kuna nchi wanaume wanavaa marinda harusini, yaani kilti, ile sketi ya drafti ya Kiskoti. Shemeji yangu alipotangaza ndoa, tukaenda kwa fundi wa kilti kuulizia ya mume wangu. Alitutajia mamia ya pauni. Nikamwambia mume wangu tugeuze, kazi hii naiweza.

Kuna duka la mtandaoni linalouza pakiti kamili: kitambaa cha sufu, bitana, gamu ya kukazia kitambaa, vikanda vyenye bizimu, na kijitabu cha maelezo. Tuliipata kwa chini ya nusu ya bei ya fundi.

Kitambaa sina neno nacho. Tulichukua cha wakia 16 kwa yadi, kizito, ambacho rinda likishapigwa pasi linakaa na upepo wa huku hauliyumbishi ovyo. Kinaletwa yadi nne za upana mkubwa. Unakipasua katikati kwa urefu, unaunganisha vipande viwili, kiungo unakificha ndani ya rinda, na hapo una yadi nane za kumzungushia mtu mmoja. Ikikamilika inakaribia kilo mbili. Ukingo wake umefumwa safi kabisa, nao ndio unaokuwa chini, kwa sababu kilti haikunjwi pindo. Sisi tuliozoea kuacha inchi mbili za akiba chini ya sketi inatubidi tubadili mazoea: urefu wote unaupanga kabla, unapunguza juu kiunoni, na ukingo uangukie katikati ya goti.

Tartani, yaani drafti yenye mpangilio maalumu wa rangi, tuliyochagua ni ya ukoo wa mume wangu. Asiye na ukoo asisite, kwani hakuna sheria inayokukataza kuvaa unayoipenda, na wengi huishia kwenye Black Watch, ile ya kijani na bluu iliyokolea. Sheria ya kukataza ilikuwepo kweli: baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, waasi wa Kiskoti waliposhindwa na jeshi la mfalme, Waskoti walipigwa marufuku kuvaa mavazi haya, isipokuwa wanajeshi wa mfalme, hadi ilipofutwa 1782.

Sasa kijitabu. Kinasema kunja rinda kila baada ya inchi sita. Sita za nani? Kila tartani ina mchoro wake unaojirudia kwa kipimo chake, na wa kwetu ulizidi hapo. Rinda moja linatakiwa limeze mchoro mmoja mzima, ili ukimtazama mtu kwa nyuma uone drafti ileile iliyoko mbele, kana kwamba kitambaa hakijakunjwa popote. Ukishika inchi sita zao, mistari inahama rinda baada ya rinda na mgongoni inakuwa vurugu. Nilikiweka kando, nikachukua futi na chaki nikapima kitambaa chenyewe.

Hesabu yenyewe ndiyo kazi, kuliko sindano. Mume wangu ana inchi 40 nyongani. Nusu ya nyuma ni 20, nami nilipata marinda 27, kwa hiyo kila moja linaonekana pungufu kidogo ya robo tatu ya inchi, halafu linazidi kuwa jembamba likipanda kiunoni. Milimita moja ikizidi kwa kila rinda, kilti nzima inapwaya kwa karibu sentimita tatu. Aliyewahi kushona sketi za marinda za sare ya shule anajua kulaza rinda, lakini zile zinasamehe, hii haisamehi.

Halafu wanashauri marinda yapigwe mashine. Hapana. Mashine inasukuma kitambaa cha juu na mistari inaachana. Kuanzia nyongani hadi kiunoni nilishona kwa mkono, mishono midogo, kwa upande wa nje ili niione mistari inavyokutana. Zilikuwa jioni nyingi, na shingo inauma.

Jambo ambalo siwezi kuwasamehe ni hatua waliyoiruka. Ukishapunguza kitambaa kilichorundikana ndani juu ya nyonga, lazima upitishe mishono imara ya mkono inayoshika marinda yote pamoja, kisha uweke kanvasi, kile kitambaa kigumu cha kukazia, ndipo bitana. Bila hivyo uzito wote unaning'inia kwenye uzi wa marinda na nyuma inalegea ikivaliwa kidogo tu. Kijitabu kinatoka kwenye marinda moja kwa moja hadi bitana, na ile gamu ya kubandika kwa pasi inafaa kola ya shati. Kanvasi nilinunua mwenyewe.

Vikanda wameandika ni vya ngozi. Nilipovikunja vikafanya nyufa. Vinahitajika vitatu, viwili kulia na kimoja kushoto, navyo ndivyo vinavyobeba kilti yote, kwa hiyo hapa si mahali pa kubana matumizi.

Vya kuvalia pamoja, mabaki ya kitambaa yalitosha mkanda wa begani wa binti yetu na vile vitambaa viwili vinavyochungulia kwenye soksi za baba yake chini ya goti. Hivyo ni rahisi, hata anayeanza atavimaliza jioni moja. Kizibao nilikishona kwa sufu nyeusi, kikakaa vizuri. Koti tulikodi, mikono yake na mabega vinataka fundi wa suti, na maduka ya kukodisha yamejaa mjini. Ule mkoba mdogo unaovaliwa mbele ya kilti ni wa marehemu baba mkwe.

Mama mkwe aliigeuza kilti ndani nje, akafuata mistari kwa kidole rinda kwa rinda, akauliza nani ameshona.

Shemeji mwingine ameshaomba yake. Dukani kwao nitaagiza kitambaa tu, safari hii wakia 13 kwa kuwa anaitaka ya kiangazi, na vikanda nitamwachia fundi viatu wa mtaani kwetu.