Kugeuza serini kuwa fosfoserini: AmberTools au CHARMM-GUI?

Zote mbili huandaa modeli za protini kwa uigaji wa kompyuta, na fosfoserini ni asidi amino serini iliyowekewa fosfeti. Kwa gharama hazipishani sana: AmberTools ni ya bure kwa wote, CHARMM-GUI ni ya bure kwa wanataaluma. Ila CHARMM-GUI hutumika kwenye kivinjari, kwa hiyo intaneti ikikatika, kazi imesimama.

Kwa urahisi, CHARMM-GUI inaongoza: unachagua serini, unachagua aina ya fosfeti, basi. Kwenye AmberTools unafungua faili la PDB (orodha ya atomu za protini na mahali zilipo), unaandika SEP (fosfoserini) palipokuwa SER (serini), unafuta mstari wa haidrojeni HG, kisha unapakia leaprc.phosaa19SB, faili la vigezo vya asidi amino zenye fosfeti. Ukisahau kuifuta ile HG, tleap, programu ya AmberTools inayojenga modeli, hugoma. Atomu za fosfeti tleap huzijenga yenyewe. Angalia chaji: SEP ni −2, S1P (fosfoserini yenye protoni moja kwenye fosfeti) ni −1, wengi huteleza hapa. Lakini ukiwa na mabadiliko ishirini ya kujaribu, napenda tleap, maana skripti moja unairudia usiku kucha.

Asidi amino isiyo kwenye maktaba yoyote ya vigezo ni shughuli nyingine. Upande wa CHARMM, CGenFF, zana inayokisia vigezo vya molekuli mpya, hutoa alama ya penalti kwa kila kigezo. Ikizidi 50, kihakiki kwa kina. Upande wa Amber, jiandae kukokotoa mwenyewe chaji za RESP, yaani chaji za kila atomu zinazotokana na hesabu za kikwantumu.