Programu ya simulesheni niliyouziwa Unguja: msitie pesa zenu

Nina hasira, na sizifichi. Leseni ya programu hii, ya kuigiza saketi za umeme kwenye kompyuta, niliinunua kwa wakala mmoja wa mjini Unguja, kwa pesa za msimu wa karafuu, kwa kazi moja tu: saketi za kapasita (kifaa kinachoshika chaji ya umeme) na swichi. Kabla sijalipa nilimuuliza, akaniapia kuwa saketi za swichi inaziweza zote.

Natengeneza kipimo cha unyevu wa karafuu. Maji yaliyomo kwenye karafuu huongeza uwezo wa kushika chaji baina ya mabamba mawili, na swichi zikichaji na kumwaga chaji hiyo unapata volteji ya kusoma. Nyuma yake pana filta, yaani kichujio cha ishara, ya aina hiyo hiyo: kapasita ya pikofaradi 10 ikichezeshwa na swichi mara 100,000 kwa sekunde hushika nafasi ya rezista (kizuizi cha mkondo) ya megaomu 1.

Nikataka kujua filta inapitisha masafa gani, yaani ishara za mitikisiko mingapi kwa sekunde. Nikabonyeza uchambuzi wa AC, unaochora jibu la saketi kwa kila masafa. Ikanichorea mstari umelala chini kabisa, umenyooka mwanzo hadi mwisho. Onyo hakuna. Asiyejua angeitupa saketi nzima akidhani imekufa.

Sababu yake inajulikana. Uchambuzi wa AC wa programu za ukoo wa SPICE, programu ya kuigiza saketi iliyotoka Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, miaka ya 1970, kwanza hutafuta hali ya DC, yaani ya umeme uliotulia, na hapo mapigo ya swichi husimama. Swichi moja inabaki imeunganika, ya pili imeachana, ishara haina pa kupita. Ni kupima mwendo wa ngalawa iliyotiwa nanga!

Nikapanda boti kutoka Pemba na kompyuta yangu. Karibu sikuambiwa, wala kiti. Kijana wa mezani akaisukuma kompyuta kwa kidole kimoja, mchoro hajautazama, akasema mbele za watu: "Yakhe, programu haina kosa. Kosa lako wewe. Na pesa hairudi." Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akainamisha kichwa kwa haya. Mie nikatoka na salamu yangu mdomoni.

Kazi nimeimalizia kwa LTspice na ngspice, programu za ukoo huo huo, zote za bure. Huko nako AC inagoma vile vile, lakini hakuna aliyeniapia wala aliyenitoza. Unatumia uchambuzi wa wakati: unaziacha swichi zipige mizunguko mingi mpaka saketi itulie, unaingiza ishara, kisha unasoma masafa kwa FFT, hesabu inayoitenganisha ishara kwa masafa yake. Ni polepole, maana hatua za hesabu lazima ziwe ndogo kuliko pigo la swichi, na mashine yangu inachemka. Wenye uwezo wana programu ya SpectreRF, ambayo kwanza hutafuta mzunguko unaojirudia ndipo ikapima masafa. Hiyo ni ya wabunifu wa chipu na bei yake si yetu.

Nikiwa mkweli, programu ile ya kulipia ni raha kuchorea saketi, na uchambuzi wake wa wakati unakwenda mbio kuliko ngspice. Kwa taa na vyanzo vya umeme labda ingekufaa. Nilishataka kuipa nyota tatu.

Lakini nimefika hapa nikakikumbuka kile kidole. Nyota moja, na hiyo ni ya mchoro. Wakala hapati kitu.