Arctic MX-4 ya gramu 4 ndani ya ThinkPad T480: miezi 14 katika vumbi la Kampala

Nyota nne kati ya tano. Pesti hii, uji wa kupitishia joto unaopakwa kati ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na bamba lake la kupozea, ni nzuri, haina makeke, na sindano moja ya gramu 4 itakutosha wewe na nusu ya majirani. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili: bandia zimejaa sokoni, na juu ya prosesa ya laptopu pesti hii huanza kukimbilia pembeni mapema kuliko ile miaka minane anayoitangaza mtengenezaji. Ila kabla hujatoa shilingi 45,000 kama nilivyotoa mimi, fahamu kwamba laptopu nyingi zinazounguruma na kuchoma mapaja hapa mjini hazidai pesti. Zimeziba pua.

Nambari zangu ni hizi. Mashine ina Core i5-8250U, prosesa ya wati 15 inayojipunguzia kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 100. Chumba kilikuwa nyuzi 27. Nilipima kwa HWiNFO64, programu ya kusoma joto la kompyuta, dakika 15 za kazi nzito mfululizo, laptopu ikiwa juu ya meza ya mbao. Kabla ya kugusa chochote ilifika nyuzi 97 ndani ya nusu dakika, kisha kasi ikaporomoka hadi gigahezi 1.4 na kubaki huko. Nilipoondoa vumbi peke yake na kuacha pesti ya kiwandani palepale, ilitulia kwenye 84 bila kasi kuporomoka. Nilipofuta pesti ya zamani na kupaka MX-4, ikatulia kwenye 76. Baada ya miezi 14 ilikuwa imepanda hadi 82. Nikapuliza vumbi bila kugusa pesti, ikarudi 79.

Kwa hiyo ufagio ulishusha nyuzi 13, pesti 8. Na hizo 13 zimepunjwa, maana ile 97 ya mwanzo ilipimwa prosesa ikiwa imeshajikaba kasi. Fundi anayepaka pesti mpya huku mapezi ya kutolea joto yameziba vumbi amekuuzia sehemu ndogo ya dawa kwa bei ya dozi nzima.

Ukitaka kuona kwa nini, fuata safari ya joto. Linatoka kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, linavuka pesti, linaingia bamba la shaba, linasafiri kwenye bomba la joto hadi kwenye mapezi membamba pembeni mwa laptopu, na hapo feni inalisukumia nje. Lile bomba si fimbo tupu ya shaba. Ndani lina maji kidogo sana, na hewa imenyonywa. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unakuwa maji tena na kurudishwa na utambi uliobanwa ukutani. Ndiyo maana bomba lililokunjwa au kutobolewa halitibiki, linabadilishwa pamoja na bamba lake. Dalili yake haijifichi: prosesa inaruka hadi 95 ndani ya sekunde mbili, feni inalia kwa nguvu zote, lakini hewa inayotoka ni baridi. Hapo hata pesti ya dhahabu haitakusaidia.

Sasa vumbi lenyewe. Feni inavuta hewa kutoka chini ya laptopu na kuitemea kwenye mapezi, hivyo uchafu hunasa upande wa ndani, katikati ya feni na mapezi, na kujisokota kama kipande cha blanketi. Kutoka nje huuoni. Ukimulika kwa tochi ya simu kupitia tundu la hewa utaona mapezi safi na kudhani yote ni salama. Ukipuliza kutoka nje bila kufungua, lile blanketi linasogea nyuma kidogo, na feni ikiwaka linarudi kukaa mahali pake. Karibu na barabara ya udongo mwekundu linajijenga ndani ya miezi michache. Kwenye chumba kinachopakana na jikoni, sigiri ikiwaka na mafuta yakikaangwa, linachanganyika na ukungu wa mafuta na kuwa gundi. Hilo halipulizwi, linaoshwa.

Jambo jingine ambalo wapimaji wa Ulaya hawaligusi: Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya Mombasa, na feni husukuma ujazo wa hewa, haijui uzito wake. Mzunguko uleule unabeba joto pungufu. Ukiona video ya mtu wa pwani anajisifu kwa nyuzi 70, usidhani umekosea.

Nitaeleza jinsi ya kufungua T480 kwa sababu ndizo zimejaa kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, na nyingi bado zina pesti ya kiwandani ya mwaka 2018 au 2019. Mashine hii ina betri mbili, moja ya nje na nyingine ya ndani. Kosa la kwanza la watu ni kuchomoa ile ya nje na kuanza kazi, kumbe umeme bado unazunguka kwenye bodi. Washa mashine, bonyeza F1 uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine kabla ya Windows, nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery. Itajizima na haitawaka tena hadi uiunganishe na chaja, kwa hiyo usije ukadhani umeiua. Lakini kabla ya hapo iendeshe dakika tano ipate joto, ili pesti ya zamani ilainike.

Toa betri ya nje, legeza skrubu sita za chini kwa bisibisi ndogo ya nyota. Hazitoki kabisa, zinabaki kwenye kifuniko, na ni kusudi. Achanisha meno ya plastiki kwa kadi ya benki iliyoisha muda, ukizunguka taratibu. Kisu kitaacha kovu na huenda kikagusa kisichostahili. Chomoa waya wa feni kwa kushika kichwa chake cha plastiki, si nyuzi zake. Skrubu za bamba zina nambari zilizochapishwa kando. Legeza kila moja nusu mzunguko kwa zamu, kona kwa kona, hadi zote ziachie. Ukifungua moja hadi mwisho huku nyingine zimekaza, unaegemeza shaba kwenye ukingo wa silikoni isiyo na kofia ya chuma, na ukingo huo unavunjika kama kigae. Bamba likigoma kutoka, lizungushe kidogo kulia na kushoto. Usilivute juu kwa nguvu.

Blanketi la vumbi litoe kwa kibanio au brashi laini ya kupakia rangi, halafu ndipo upulize. Blowa za umeme walizo nazo mafundi wa simu zinafaa, mradi usogee kama sentimita 20 na uzuie feni kwa kidole. Feni inayozungushwa kwa upepo hupita kasi iliyoundiwa, beringi zake huumia, na inageuka jenereta ndogo. Kompresa ya kujazia tairi iache huko huko gereji, inatema maji pamoja na upepo. Na ule utepe mweusi unaoziba mwanya kati ya feni na mapezi usiutupe. Ukikosekana, hewa inavujia ndani ya laptopu badala ya kupita kwenye mapezi, na utakuwa umefanya kazi yote bure.

Kwa kufutia pesti ya zamani tumia alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99 na karatasi ya kuchujia kahawa au kitambaa cha miwani. Spiriti ya dukani kwa dawa inaweza kuwa na mafuta ya mbarika ndani, na mafuta ndiyo usiyoyataka pale. Sanitaiza ina gliserini, shida ni ileile. Petroli inakula plastiki, na sijui nani aliwafundisha mafundi wengine kuitumia. Futa silikoni na shaba hadi zing'ae kama kioo, kisha usiguse tena kwa kidole.

Kiasi ndipo watu wanapoharibu. Unahitaji tone la ukubwa wa punje mbili za mchele, katikati ya silikoni. Basi. Kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko pesti yoyote, kwa hiyo tabaka nene ni blanketi jingine, safari hii umelitandika mwenyewe. Uzuri wa MX-4 ni kwamba haipitishi umeme, hivyo ikimwagika pembeni juu ya vijisehemu vidogo haiunguzi kitu, inachafua tu. Shusha bamba wima, bila kulitelezesha, kaza skrubu kwa kufuata nambari, nusu mzunguko kwa zamu. Ukilinyanyua kuchungulia, umeingiza mapovu ya hewa: futa yote, anza upya. Kwa kiasi hicho sindano ya gramu 4 inapaka zaidi ya mara ishirini.

Ukisahau kurudisha waya wa feni, ThinkPad itakuambia yenyewe. Inaandika kosa la feni na kukataa kuendelea kuwaka.

Kuhusu bandia. Sindano halisi hutoa pesti ya kijivu, laini, inayonata bila kutiririka. Niliyouziwa kwanza, kwa nusu ya bei, ilitoa maji ya mafuta kisha donge lililokauka, na maandishi ya lebo yalifutika kwa alkoholi. Arctic wana ukurasa wa kuhakikisha uhalisi kwenye tovuti yao. Kagua kabla hujatoka dukani, si ukiwa nyumbani. Vile vifuko vya pesti nyeupe vya bei ya soda vinafanya kazi wiki chache za mwanzo kisha vinakuwa chaki. Dawa ya meno, ndiyo, bado kuna wanaoipaka: inapoza siku mbili tatu kwa maji yaliyomo, maji yakikauka unabaki na ukoko wenye harufu ya minti.

Kukimbilia pembeni nilikokutaja mwanzoni si kasoro ya MX-4 peke yake. Silikoni na shaba hutanuka na kusinyaa kila unapowasha na kuzima, zikiipiga pesti kama pampu, na pesti laini husukumwa nje kidogo kidogo. Kwenye kompyuta ya mezani prosesa ina kofia ya chuma, kwa hiyo tatizo halionekani sana. Kwenye laptopu zile nyuzi 3 nilizopoteza ndizo hizo. Mtu anayefanyia kazi video kutwa atazipoteza haraka zaidi, na huyo ningemwambia aagize Honeywell PTM7950, karatasi ya kupitishia joto inayowekwa badala ya pesti. Inaanza kulainika kwenye nyuzi kama 45, inajaza nafasi, na haisukumwi nje kirahisi. Kuipata halisi hapa ni kazi, na kuikata na kuibandua bila kuipasua ni kazi nyingine. Kwa anayeandika, anayefundisha au anayepiga hesabu za duka, MX-4 inatosha, na kurudia kila mwaka na nusu si mzigo.

Vile viti vya feni vya kuwekea laptopu sivipendekezi. Nilijaribu kimoja, kikaniokolea nyuzi 2. Vifuniko viwili vya chupa chini ya miguu ya nyuma vikaniokolea 3, maana shida ilikuwa nafasi ya kuvuta hewa. Juu ya godoro, chochote utakachonunua hakitashinda godoro. Na siku ambayo joto limezidi, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99 badala ya 100. Turbo Boost, ile nyongeza ya kasi ya prosesa, inazimika, kasi inapungua, na mashine inapoa mara moja bila hata kushika bisibisi.

Ratiba yangu ni kupuliza mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Februari na mwisho wa Agosti, misimu mikavu inapoisha na vumbi lake limeshaingia. Anayeishi kando ya barabara ya vumbi aongeze mara moja katikati. Feni ikianza kulia kama nzi ndani ya chupa hata baada ya kusafishwa, beringi imeisha. Usiipake mafuta ya cherehani, badilisha.

Sindano yangu bado ina zaidi ya robo tatu. Inakaa kabatini, kifuniko kimebanwa, mbali na dirisha, na kila nikiifungua tone la kwanza linaishia kwenye karatasi, kwa sababu mafuta ndiyo hutangulia kutoka.