Kisu cha Kukunja: Ukubwa Upi Ununue?

Mnunuzi anayechagua kisu cha kukunja, awe Tabora mjini au Ujiji, kwa kawaida hutazama kwanza urefu wa bapa, ilhali kinachoamua kama kisu kitamfaa ni mpini. Kwa kuwa bapa hulala ndani ya mpini, mpini hauna budi kulizidi kwa sentimita mbili au tatu hivi. Mwenye kununua bapa fupi amenunua pia mpini mfupi, usiotosha vidole vinne. Kiganja cha mtu mzima kina upana wa sentimita 8 au 9 hivi, kwa hiyo mpini wa sentimita 10 hadi 11 ndio unaoshikika barabara.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa kisu chenye bapa la sentimita 7.5 hadi 9. Opinel namba 8 kutoka Ufaransa ni mfano mzuri: bapa lake lina sentimita 8.5, mpini 11, na pete ya chuma shingoni hulizuia bapa lisijifunge juu ya vidole. Kisu cha kadiri hii humenya embe, hukata kamba ya katani ya gunia na humtumbua mgebuka bila shida. Angalia tu aina ya chuma, kwani kile kinachoshika kutu hugeuka cheusi kwa majimaji ya embe na hudai kufutwa kila mara, ingawa hunoleka upesi. Mpini wa mbao nao huvimba ukilowa, na katika mvua za Novemba hadi Aprili bapa linaweza kukataa kufunguka.

Ya pili ni bapa la sentimita 6 hadi 7. Visu vya Victorinox vya Uswisi vyenye urefu wa milimita 91 vikiwa vimekunjwa vimo katika kundi hili, na kwa mtu wa ofisini vinatosha kabisa. Vingi havina kizuizi cha bapa, basi usivitumie kuchoma au kutobolea.

Bapa la sentimita 10 na kuendelea nimeliweka nafasi ya tatu, na wapenzi wa visu vikubwa watanisamehe. Hulemea mfuko, na kiungo chake hubeba nguvu nyingi kuliko inavyostahili. Mrina asali wa Sikonge au mvuvi anayepasua samaki wakubwa anunue kisu kisichokunjwa, chenye ala. Ni imara zaidi na ni rahisi kukisafisha, kwa sababu hakina tundu la kuficha damu na magamba.

Vilivyo chini ya sentimita 5 ni vya kuning'iniza kwenye funguo.

Kabla ya kulipa, kikunje, kitie mfukoni, kisha uketi; kikikuchoma pajani, omba kilicho kifupi zaidi. Halafu kifungue, ukikamate kwa nguvu, uone kama kidole cha mwisho kimepata pa kukaa.