Uzoefu wangu na riaksheni za kujikinga: Dungeons & Dragons toleo la 5, na Pathfinder kidogo

Ukiniuliza ni kanuni ipi ya Dungeons & Dragons toleo la 5 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) inayozua ubishi mezani kuliko zote, nitataja riaksheni, ile hatua moja unayoruhusiwa nje ya zamu yako. Ukishaitumia, hairudi mpaka zamu yako ijayo ianze. Kanuni yenyewe naikubali kabisa. Kinachoiharibu ni mwendesha mchezo anayesema kwa pumzi moja: "Kakupiga, 17, umepoteza pointi 9," bila kukuachia nafasi ya kuitumia.

Kila riaksheni ya kujikinga ina wakati wake. Protection ya mpiganaji mwenye ngao, kwa kitabu cha 2014, hutamkwa mwenzako anaposhambuliwa, kabla dadu halijarushwa, maana inamlazimisha adui kurusha mara mbili na kuchukua namba ndogo. Cutting Words ya bardi (mwanamuziki mwenye uchawi), kwa kitabu hicho hicho, husubiri dadu litue, lakini iwahi kabla matokeo hayajatangazwa. Shield, uchawi wa kuongeza kinga, na Uncanny Dodge, ukwepaji wa mwizi, huja baada ya kuambiwa kwamba pigo limekupata.

Shield ndiyo inayoleta kelele zaidi. Chukua mchawi mwenye kinga 13, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate. Adui akipata jumla ya 16 (dadu pamoja na nyongeza zake), pigo limempata. Mchawi anatoa sloti ya leveli ya 1 (moja ya nafasi zake chache za kurusha uchawi), kinga inapanda kwa 5 hadi 18, pigo linapita pembeni. Jumla ingekuwa 19, sloti ingekwenda na pigo lingeingia vilevile. Kanuni hazimlazimishi mwendesha kutaja jumla, ila mimi nataka itajwe. Ni kweli Shield inapata nguvu kidogo zaidi, lakini mabishano yanaisha na mchezaji anajua analipia nini. Dadu lenyewe likionyesha 20, pigo linaingia hata ukirusha Shield. Hata hivyo ile 5 hukaa mpaka mwanzo wa zamu yako ijayo, kwa hiyo ukiwa umezingirwa na maadui watatu bado inalipa.

Uncanny Dodge, anayoipata mwizi leveli ya 5, hupunguza madhara kwa nusu. Hapa nashauri msimamo mkali: iamuliwe kabla ya dadu la madhara. Mchezaji akiruhusiwa kuona kwanza kama ni pointi 4 au 28, ataiweka kwa ajili ya pigo kubwa tu, na uamuzi wote unakuwa hauna uzito.

Counterspell, uchawi wa kuzuia uchawi wa mwingine, nayo hufa mwendesha akisema, "Anarusha Fireball, fanyeni sevu," yaani mrushe dadu la kujiokoa. Aseme kwanza, "Anaanza kurusha uchawi," kisha atulie kidogo. Anayetaka kuuzuia aseme hapo hapo, bila kuambiwa ni uchawi gani. Kitabu cha nyongeza cha 2017 kinakuruhusu kuutambua kwa riaksheni, lakini ukishaitumia hiyo huna ya kuzuia. Labda mwenzako azuie.

Pathfinder toleo la 2, mchezo mwingine wa aina hiyo, limeandika vichocheo (kinachoruhusu riaksheni itumike) waziwazi zaidi, na hapo nalipatia alama za juu. Nimble Dodge hutamkwa unapolengwa, kabla ya dadu, na huongeza kinga kwa 2. Shield Block husubiri madhara yenyewe, na lazima uwe ulishainua ngao kwenye zamu yako. Wanaosahau hilo ni wengi. Ngao ya chuma ina ugumu 5 na pointi 20. Madhara ya 12 yakija, 5 zinazuiwa, kisha 7 zinakupata wewe na 7 hizo hizo zinaipata ngao pia: inabaki na 13. Pigo la pili kama hilo linaiacha na 6, na kwa kuwa kikomo chake cha kuvunjika ni 10, tayari imevunjika mpaka itengenezwe.

Mnaocheza kwenye kompyuta, angalieni mpangilio wa karatasi ya mhusika. Ukiwa unarusha shambulio na madhara kwa mbofyo mmoja, uzimeni, mtenganishe mibofyo miwili. Kati ya hiyo miwili ndipo Shield na Uncanny Dodge hupata nafasi.