Sekondari ya bweni Morogoro: daftari lililonivutia na wastani unaoniuma

Tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule kumi bora, sisi wazazi tunaotafuta sekondari za binafsi imetulazimu kwenda kujionea wenyewe. Shule anayosoma binti yangu, iliyo nje kidogo ya mji wa Morogoro na ambayo sitaitaja jina, niliichagua kwa sababu ya daftari la Kemia la mwanafunzi niliyemkuta hapo: kila zoezi lilikuwa limesahihishwa kwa wino mwekundu, pale alipokosea mwalimu alikuwa ameeleza kosa lilianzia wapi, na masahihisho nayo yalikuwa yamepitiwa tena.

Baadaye nilielewa chanzo chake. Mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma huingia madarasani bila kutoa taarifa, huketi nyuma, hulinganisha kinachofundishwa na andalio la somo, kisha humwita mwalimu wakazungumza naye faragha. Ndivyo Kiunzi cha Uthibiti Ubora wa Shule cha mwaka 2017, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa kukagua shule, kinavyotaka: shule ijitathmini yenyewe mwaka mzima, isingoje wathibiti ubora (wakaguzi) wa wilaya wakaribie ndipo maazimio ya kazi, yaani mipango ya ufundishaji ya muhula, yaandikwe usiku kucha. Siku ya wazazi niliwakuta wanafunzi wa Kidato cha Tatu maabara, wawili wawili kwa kila bureti (mrija wa kupimia kimiminika), wakisubiri rangi ibadilike. Kwa kifungua mimba wangu nililipa ada kubwa kuliko hii, mahali ambapo maabara ilikuwa ikifunguliwa wiki chache tu kabla ya mtihani wa taifa.

Mabweni ni safi na chakula kinatosha.

Hata hivyo, kiunzi hicho hicho kinauhesabu ushirikishwaji wa jamii kuwa sehemu ya ubora, na hapo shule hii imepungukiwa mno. Nilipoomba kusoma taarifa ya wathibiti ubora waliofika mwaka jana, nilijibiwa kwamba ni ya ofisi. Linaloniuma zaidi ni wastani wa shule, kwani mwanafunzi asiyefikisha 50 hutakiwa kurudia darasa au kuhama, ingawa Serikali imekwisha kuukemea utaratibu wa namna hiyo. Rafiki wa binti yangu aliondolewa hivyo mwezi Desemba, ilhali alikuwa amepanda kutoka 31 hadi 46 katika mwaka mmoja, na walimu wale wale wa daftari lenye wino mwekundu ndio waliompandisha. Sioni ni kwa namna gani shule inaweza kujisifia ufundishaji wake huku ikimfukuza mtoto ambaye ndiye ushahidi wake bora.

Binti yangu nitamwacha amalize Kidato cha Nne hapo. Mzazi anayeifikiria shule ya aina hii aombe kuonyeshwa madaftari, na kabla ya kulipa ada apate jibu la maandishi kuhusu mtoto atakayepata 46.