Meno ya bandia seti nzima, Tanga: kwenye kupima taya wako vizuri sana, ila zile ngazi jamani

Naandika hii kwa wenye wazazi waliobaki na fizi tupu na wanatafuta pa kutengeneza meno ya bandia ya seti nzima, juu na chini. Jina la kliniki siliweki hapa maana wataanza wale wa "umelipwa shilingi ngapi", iko Tanga mjini, ghorofani, anayetaka anifuate inbox nitamwelekeza. Niliyempeleka ni mzee wangu, maalim wa madrasa, miaka 70 na kitu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, na hizo ndevu mtaona zilivyoleta kazi.

Kwanza mjue hii ni seti yake ya pili. Ya kwanza alitengenezewa sehemu nyingine, nayo siitaji, na kwa macho ilikuwa nzuri tu, meupe, yamejipanga, shida ni kwamba mzee alikuwa anayavaa kwenye harusi na kwenye picha, sahani ikiletwa anayavua anayafunga kwenye leso. Yani meno ya kuvua wakati wa kula! Akiyavaa midomo haikutani mpaka aivute kwa nguvu, akiongea yanagongana ka ka ka, akisomesha watoto nusu saa mashavu yameshachoka, na ufizi wa chini vidonda haviishi. Kule walimwambia atazoea. Miaka ikapita, hakuzoea.

Dokta wa safari hii ni binti mdogo tu, nilivyomuona nikajisemea moyoni haya, tuone. Akamwamkia mzee, akamwambia maalim vaa hayo ya zamani, halafu hata mkono mdomoni hakutia, akakaa mbele yake akamwambia nisomee chochote. Mzee akasoma. Binti anamtazama midomo na kidevu tu. Alipomaliza akasema meno yenyewe hayana ubaya, ila yamejengwa kwenye kimo kisicho cha uso wake, marefu mno, na wakati wanapima taya la chini lilikuwa limejisogeza mbele. Akamuuliza mzee, kule walikupimaje mpaka wakajua unafunga mdomo wapi? Mzee akajibu walinipa donge la nta wakasema uma, nikauma, wakasema haya tayari. Binti akatabasamu akanyamaza.

Sasa hapo ndipo ilipo stori yote, na ndio maana naona hii review ina faida. Mtu mwenye meno yake akifunga mdomo, meno ndio yanaamua taya la chini lisimame wapi. Yakishaisha yote hakuna tena cha kulizuia, linaweza kufunga mbele, pembeni, au likapanda tu mpaka kidevu kiikaribie pua. Na fundi wa maabara anayepanga meno huyo mzee wako hamjui, hajawahi kumuona, kinachomfikia mezani ni sanamu mbili za plasta, fizi za juu na fizi za chini. Ziachane kwa umbali gani hajui, ya chini ikae mbele au nyuma kiasi gani hajui. Lazima mtu wa kliniki ampelekee hizo habari, na akipeleka za uongo basi fundi atakupangia meno mazuri mno kwenye taya la mtu mwingine.

Hatua za mwanzo nazipitisha haraka maana kila sehemu wanafanya karibu sawa, unajazwa ule uji wa kuchukulia umbo la fizi, unarudi unachukuliwa tena kwa trei iliyotengenezwa kwa mdomo wako, mzee alilalamika anataka kutapika, yakaisha. Siku ya kupima taya ndio ilikuwa siku yenyewe. Walikuja na vitako viwili vya plastiki vinavyokaa kwenye fizi, juu yake kumejengwa ukuta wa nta pale ambapo meno yatakuja kukaa, wenyewe wanaziita bloku. Mzee akakalishwa wima, kile kiti hawakukilaza kabisa, kichwa hakijaegemea, binti akasema ukimlaza mtu taya linabadilisha mkao na kipimo kinakuwa cha uongo.

Akaanza na ya juu. Anaiweka, anatazama mdomo wa juu umejaa kiasi gani kwa mbele na kwa ubavuni, anaitoa, anakata nta kwa kisu cha moto, anairudisha. Alimwambia mzee tangu awali aje na picha ya zamani aliyopiga akiwa bado na meno, tukapekua tukapata ya kitambulisho cha kazi, basi kila akikata anaitazama ile picha. Kisha akaleta kibao fulani kipana, kinaingia mdomoni kikalala chini ya ile nta na mbawa zake zinatokea nje pande zote mbili za uso, akasimama mbele akahakikisha kiko sambamba na mboni za macho, akaenda ubavuni akahakikisha kinafuata mstari wa kutoka bawa la pua mpaka sikioni. Kumbe upande mmoja wa nta ulikuwa umeshuka, mimi nilikuwa sijaona kitu. Angeuacha vile mzee angekuwa anacheka meno yamekwenda upogo maisha yake yote.

Baada ya hapo kimo, na hapa ndevu zikaingia kazini. Kawaida wanaweka nukta moja ya kalamu kwenye pua na nyingine kidevuni halafu wanapima katikati yake, sasa kidevu cha mzee hakionekani, na ukiweka alama kwenye ndevu inacheza. Akatumia kile kirula cha chuma kinachokaa chini ya pua na mkono wake mwingine unashika chini ya kidevu, akazipenya ndevu taratibu mpaka akaugusa mfupa bila kukandamiza. "Maalim lamba midomo, meza mate, sema mmm, sasa liache taya lipumzike, usiume." Anapima. Anamsemesha mambo mengine, habari za wanafunzi, mvua, halafu anapima tena ghafla. Akarudia na kurudia mpaka namba zikawa zinakaribiana, mzee mwenyewe akasema mwanangu hujachoka tu?

Nikamuuliza mbona anapima mdomo usiouma wakati tunataka meno ya kuumia. Akanieleza vizuri sana kwa lugha ya kueleweka. Mtu akitulia meno yake ya juu na ya chini hayagusani, hubaki nafasi ya milimita 2 mpaka 4 hivi, hata wewe unayesoma hapa jicheki sasa hivi. Kwa hiyo anatafuta kwanza kimo cha kutulia, halafu anapunguza nta mpaka mzee akiuma kimo kiwe kifupi kwa hizo milimita. Ukiijaza nta mpaka nafasi ikaisha umempa mtu meno yanayogusana mchana kutwa, misuli haipumziki, fizi zinakandamizwa muda wote, na ndio ile ka ka ka tuliyoisikia miaka yote ile. Ukipunguza mno nako ni balaa lingine, uso unasinyaa, pembe za mdomo zinajikunja mate yanatuama pale pale vidonda haviponi, na kutafuna kunakosa nguvu. Milimita chache tu hizo, za kuhesabu kwenye rula ya mtoto wa shule.

Kipengele kilichokula muda zaidi ni kujua taya linafunga mbele au nyuma kiasi gani. Mzee kabla hajawa kibogoyo alikaa muda mrefu na meno machache ya mbele tu, kwa hiyo taya lilishajifunza kutangulia mbele ndio litafune. Ukimwambia uma, anatanguliza kidevu, hata hajui kama anatanguliza. Kule kwa kwanza ndio walimkamatia hapo hapo. Binti akamwambia peleka ncha ya ulimi nyuma kabisa juu ya kaakaa, iache huko huko, sasa funga pole pole. Akabandika na kijidonge cha nta kule nyuma ya bloku ya juu ili ulimi uwe na cha kukitafuta. Mara ya kwanza mzee akafunga mbele. Akapumzishwa, akaambiwa alegeze mabega, fungua funga fungua funga bila kuuma, akarudia. Binti akawa anachora mstari wa katikati kwenye nta ya juu na ya chini, anaangalia kila akifunga mistari inakutana pale pale au inakimbia. Na hakukubali ile mara moja iliyokutana, alitaka ikutane tena na tena mfululizo. Ilipotulia akatoboa vijishimo kwenye nta ya juu na chini akaweka pesti katikati, ikagandisha bloku zote mbili zikatoka kipande kimoja. Kabla ya kutoa alikuwa ameshachora pa kukaa meno ya chonge na mstari wa kicheko, yani mpaka wapi mdomo unapanda mzee akicheka, na kumchekesha mzee wangu si kazi ndogo, ilibidi mimi nitoe siri za nyumbani.

Jambo lingine lililonipa imani, maabara yao iko Dar, kazi inapanda basi. Nta na joto la Tanga mnajua wenyewe, ikilegea njiani vipimo vyote vimekwenda na maji. Hakuzifunga bloku peke yake kwenye boksi, alizikalisha kwanza zile sanamu za plasta kwenye artikuleta hapo hapo kliniki, kile kimashine cha chuma kinachoigiza taya, akazigandisha kwa plasta, ndio ikasafirishwa. Nilimuuliza akasema hapendi kubahatisha.

Ikarudi meno yamepangwa lakini bado yako kwenye nta, unavaa kwa kujaribu kabla hayajawa plastiki ngumu. Msikubali kurukishwa hii hatua jamani, kwenye nta jino linasogea kwa kisu cha moto, likishakuwa akriliki limekuwa. Binti akamhesabisha sitini na sita, sitini na saba, mpaka sabini, kwa ajili ya ile sss, meno yanatakiwa yakaribiane bila kugongana. Halafu maneno ya fff, ncha za meno ya juu ziguse kidogo tu mdomo wa chini. Hapo mzee naye akawa mwalimu, akamwambia mwanangu mimi mtihani wangu ni zile herufi za Kiarabu, the na dhali, ncha ya ulimi lazima ikutane na ncha za meno ya mbele ya juu, isipofika hapo siwezi kumsahihisha mtoto. Akasoma, akasema bado, ulimi unatafuta. Binti akapasha kisu akarudisha meno mawili ya mbele ndani kidogo sana. Akasoma tena. Akasema hapo sawa. Sijui kama vitabuni kwao kuna hicho kipimo lakini kwa mzee wangu ndio kilikuwa kipimo chenyewe.

Matokeo sasa. Midomo inakutana bila kuvutwa, ka ka ka hakuna, anasomesha kipindi kizima, na anakula akiwa ameyavaa, wali na samaki bila wasiwasi, ndizi za kuchemsha, nyama ikiwa imeiva kweli. Mkate wa kumimina ndio alianza nao. Ya chini bado inacheza cheza akipiga miayo au akicheka sana, na hili tuliambiwa kabla hata ya kulipa kwamba ya chini hukaa vibaya kuliko ya juu, sehemu ya kushika ni nyembamba, kuna ulimi unaisukuma, na mfupa wa chini unaliwa zaidi meno yakitoka, kwa hiyo asitarajie miujiza. Mwanzoni palitokea kidonda upande mmoja ndani, tukarudi, akapaka kitu cheupe kuona panapokandamiza, akasugua kidogo, bure, kikapona. Usiku anayavua anayalaza kwenye maji.

Mabaya yapo. Kusubiri maabara ya Dar ni mtihani wa subira, wanakwambia wiki ijayo halafu wiki ijayo inakuwa na wiki ijayo yake, na usipopiga simu wewe hakuna anayekupigia. Dada wa mapokezi anaita majina kwa sauti ya chini na wateja wake nusu ni wazee wasiosikia vizuri, hiyo hesabu sijaielewa. Bei iko juu ukilinganisha na kule kwa mwanzo, bima yetu haikugusa hata senti, ila wanakubali nusu mwanzoni na nusu siku ya kuchukua, na unalipa kwa simu. Mimi nilishaona ya bei rahisi yakikaa kwenye leso.

Kwa anayekwenda kokote, hata kama sio hapa, ulizeni siku ya kupima taya inachukua muda gani. Wakiwaambia dakika tano tafuteni pengine. Mpeleke mzee asubuhi akiwa hajachoka, ameshakunywa chai, akiwa amechoka taya halilegei na mtarudishwa. Beba picha ya zamani inayoonyesha meno, na kama kuna seti ya zamani beba hata kama imevunjika.

Nawapa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ngazi, ghorofa ya pili hakuna lifti, mkono wa kushikia upo upande mmoja na umelegea, na wateja wenu wa seti nzima wote ni watu wa magoti mabovu. Chini pale kuna fremu tupu miezi sasa, mwenye nyumba ni huyo huyo, kaongeeni naye.